Betri Mbili za Mzee Kalokola

Alinipigia Jumanne, sauti kama ya mtu aliyeibiwa:
"Shamimu, friji limezima tena saa tisa usiku,
na changu wangu wa wiki nzima wananitazama."

Nikatia mita na spana namba kumi mkobani,
nikavuka na pantoni ya asubuhi.
Nikamkuta Mjimwema, kwenye kiwanja cha mwanawe,
ndani ya Kosta iliyokuwa ya abiria:
siku hizi ina kitanda, jiko la gesi, pazia la maua,
na kalenda ya mwaka juzi.
Mpima ardhi mstaafu. Miaka thelathini na mmoja
amewapimia watu viwanja. Chake hana.

"Mpya hii haijamaliza mwezi," akasema.
"Nikaiunga na ile kuukuu ili zisaidiane.
Kwani kidole kimoja huvunja chawa?"

Sikujibu. Fundi anayejibu kabla ya kupima
ni mpiga ramli.

Nikainua ubao wa chini ya kitanda.
Harufu ya yai viza.
Kwenye vichwa vya nyaya, kutu la kijani limechanua,
zuri, utadhani mtu kalipaka makusudi.
Chumvi ya huku haina adabu, haibishi hodi.

Nikavua pete. Nikaanza na hasi, kama nilivyofundishwa Gerezani
na mtu aliyeanza na chanya, mara moja tu.
Magadi, maji ya moto: povu likapanda, likanung'unika, likatulia.
Mswaki wa meno uliokwisha kazi ya meno.
Msasa. Mafuta mgando, kiasi cha kupaka midomo.

Juu ya paa, sola ilikuwa imegeuzwa choo cha kunguru.
"Kunguru hawalipi kodi," alisema kutoka chini.
Kisha, polepole: "Hata mimi."

Nikazitenganisha. Tukasubiri.
Betri iliyotoka kazini hivi punde husema uongo,
iache ikae, itasema yenyewe.
Tukanywa chai ya rangi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.
Ndipo nikauona waya mweupe,
unatoka dirishani kwa mwanawe, unavuka uani,
umeviringishwa kwenye kioo cha pembeni cha Kosta.
Haujachomekwa popote.

Mpya: kumi na mbili nukta nne.
Kuukuu: kumi nukta saba.
Nikafungua vizibo sita. Vyumba vitano vina uhai,
cha tatu kimekauka mpaka bamba linaonekana.
"Uliijaza maji gani?"
"Ya bomba."
"Hayo ni ya kunywa wewe."

Nikamweleza basi, bila kumwangalia,
kwamba mwizi si friji.
Jua likizama, mpya inaanza kuilisha kuukuu,
inailisha, inailisha, na kuukuu haishibi,
mpaka saa tisa zote mbili ziko hoi.
Umeme haujui undugu, mzee. Wenye nguvu sawa ndio huungwa pamoja.

Akanyamaza muda mrefu.
Akatazama nyumba ya mwanawe, bati jekundu,
nguo za shule za wajukuu kwenye kamba.
"Kwa hiyo kuukuu ndiyo inayomaliza mwenzake."

Nilitaka kusema: mzee, mimi nazungumzia risasi na asidi.
Sikusema. Nilikaza nati.

Nje akapita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni,
anapiga debe kwa bisibisi. Hatukumwita.
Nikaiunga kuukuu na taa moja ndogo, peke yake.
Ikawaka, hafifu, rangi ya chai.
"Ikizima usiilaumu," nikamwambia.

Nikaandika risiti. Nikamwachia lita ya maji ya betri,
na onyo la kutazama vizibo kila mwisho wa mwezi.

Nimefika kituoni ndipo nikakumbuka mswaki wangu.
Nikarudi.
Kupitia pazia nikamwona amekaa ngazini mwa Kosta,
ule waya mweupe magotini,
anasugua vichwa vya plagi, kimoja kimoja,
kwa mswaki wangu.

Nikauacha.